Gia ya Njano na Mchanga wa Naliendele

Ukitoka Mtwara mjini kuelekea Newala, unapita Naliendele, penye kituo cha utafiti wa kilimo kinachosifika kwa korosho. Kituo kilianza mwaka 1970, zama ambazo mtaalamu wa mikorosho aliyetaka kufika kijijini alihitaji dereva anayeijua fowili, yaani namna ya kulifanya gari livute kwa magurudumu yote manne.

Reli ilikuwapo, ikaondoka. Waingereza waliitandika kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947 na kusambaratika 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Bandari ikabaki. Kwa nchi kavu, safari ya Dar es Salaam ilipitia kivuko cha Ndundu mtoni Rufiji, mpaka Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970 lilipofunguliwa mwaka 2003. Mzigo wa kusini ukaangukia malori na Landrova.

Kwenye Landrova za zamani, kando ya gia kubwa zilisimama gia mbili fupi, moja yenye kichwa cha njano, nyingine chekundu. Ya njano ikikandamizwa, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Nyekundu ikivutwa nyuma, gari linaingia gia nzito pamoja na fowili. Hapo sharti gari lisimame na klachi ikanyagwe. Kazi ilikuwa kuitoa fowili. Mgeni aliivuta ile ya njano mpaka kiganja kikauma, isitoke. Mzoefu alisimamisha gari, akavuta nyekundu nyuma, akaisukuma mbele, na ya njano ikaruka juu yenyewe.

Asiyeijua Mtwara hudhani fowili ni ya masika. Huku kiangazi nacho kina mitego yake, na korosho ndizo zilizowapeleka madereva humo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Ilipofika 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya 20,000, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa miongoni mwa sababu. Salfa ya kuukinga hupulizwa mikorosho inapochanua, miezi ya ukavu, wakati mchanga usio na unyevu umelegea na tairi linazama kama kwenye unga.

Dereva mzuri aliingiza fowili kabla ya kufika kwenye mchanga. Alipunguza upepo ili tairi litandazike, akashika gia ya pili na kwenda bila kukatisha mwendo. Akikwama, hakukanyaga mafuta, maana magurudumu yangechimba mpaka eksoli ikalale chini. Alifukua mchanga, akatandika makuti, akarudi nyuma kwa kufuata alama zake mwenyewe.

Kisha ikaja Land Cruiser, ile ambayo watu wameibatiza mkonga kwa bomba lake la kuvutia hewa linalopanda hadi juu ya kioo. Nyingi zina habu za kufungwa kwa mkono katikati ya magurudumu ya mbele, na hapo ndipo palipozaliwa hitilafu isiyo hitilafu: gia imeingia, taa inawaka, gari halitoki. Fundi anauliza tu, "Habu umefunga?" Ikisahaulika hata moja, difu, ile gia inayogawia magurudumu nguvu, inaipeleka upande ulio huru, na gurudumu la pili halivuti kitu.

Lami ilipofika, kosa likageuka. Kwenye kona magurudumu ya mbele huzunguka njia ndefu kuliko ya nyuma. Mchangani tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo ikaisha. Lami haitelezi, na gari lisilo na difu ya katikati linajikaza lenyewe. Usukani unakuwa mzito, tairi zinalika, gia inagoma kutoka. Mafundi wengi hawagusi spana kwanza: wanamwambia dereva arudi nyuma mita chache, mkazo ulegee, gia itoke.

Sasa, kwenye barabara hiyo ya Newala, kilomita 50 za Mtwara hadi Mnivata zina lami, na fowili hapo haina kazi. Lakini kwenye mchanga wa Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, wenye mkonga bado wanasimama kabla ya kushuka ufukweni. Mmoja anainama kufunga habu ya kushoto, anazunguka mbele ya boneti hadi ya kulia, kisha anachukua kijiti na kubonyeza valvu, upepo ukitoka kwa mluzi.