Mchezaji Aliyeshika Kalamu Yake Mwenyewe

Zamani, mtu mashuhuri alipotaka kusema na watu wengi, hakuwa na budi kupita mlangoni kwa mwenye gazeti. Yeye alisema, mwandishi akaandika, nao watu wakasoma. Lakini pengine lililosomwa halikuwa sawa na lililosemwa. Nataka, msomaji, utazame jinsi mchezaji mmoja wa kandanda kutoka Japani alivyoukwepa mlango huo.

Jina lake ni Hidetoshi Nakata. Alizaliwa mwaka 1977 katika mji wa Kofu, na mwaka 1995 alianza kucheza kwa kulipwa. Ligi ya kulipwa ya Japani ilikuwa ingali changa, kwa kuwa ilianza mwaka 1993, na nchi hiyo haikuwa imepata kuingia katika mashindano ya Kombe la Dunia. Novemba 1997, huko Johor Bahru nchini Malaysia, Wajapani waliwashinda Wairani mabao 3 kwa 2, yote matatu yakitokana na juhudi za Nakata, wakapata nafasi ya kwenda Ufaransa mwaka 1998. Tangu siku hiyo kijana huyo hakuwa na pa kujificha.

Waandishi walimwandama kila alikokwenda. Naye, akiona kwamba maneno yake hupindwa, akawa mkavu mbele yao na mchache wa majibu, hata wengine wakamwita mwenye kiburi. Mwaka 1998 akafungua tovuti yake, nakata.net, akaanza kusema na wapenzi wake moja kwa moja. Kumbuka kwamba siku zile Facebook haijaanzishwa, na watu wengi duniani walikuwa hawajapata kutumia intaneti. Mwaka huohuo alihamia Perugia, Italia, na katika mchezo wake wa kwanza wa ligi akaifunga Juventus mabao mawili. Wajapani waliokuwa mbali naye waliweza sasa kusoma habari zake kwa kalamu yake mwenyewe, wakajiona kama jamaa walioletewa barua.

Mwaka 2001 alikuwa katika timu ya Roma iliyotwaa ubingwa wa Italia. Kisha, Julai 2006, siku chache baada ya Japani kufungwa na Brazil mabao 4 kwa 1, alitangaza katika tovuti ileile kwamba anaacha kandanda. Umri wake ulikuwa miaka 29 tu. Waandishi waliomwandama miaka yote hiyo ikawabidi waisome habari hiyo pale pale walipoisoma watu wote.

Je, tuseme basi kwamba alifanya vema? Naam, kila mtu ana haki ya kuyalinda maneno yake yasigeuzwe. Lakini wahenga walisema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Anayejiandikia habari zake huchagua la kusema na la kunyamazia, wala hakuna wa kumwuliza swali gumu. Leo wachezaji wengi hufanya alivyofanya Nakata, na mashabiki huwaamini upesi. Kwa hiyo, msomaji, usomapo habari za mtu yeyote, jiulize kwanza kalamu imeshikwa na nani; kisha utafute na mwingine aliyeshuhudia, usikie naye asemavyo.