Thenashara kwa Mafungu Mawili

Kazi yangu hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Siku moja mzee wa mtaani aliketi kando yangu, tukafika penye swali la kabila. Orodha ikafunguka: majina chungu nzima, yamepangwa kwa alfabeti. Nikaishusha mpaka mwisho.

"Sisi hatumo, mwanangu?"

Hatukuwamo, na fomu haikukubali kusonga bila jibu. Tukabonyeza "Wengineo". Mzee akanyamaza.

Tangu siku ile nakumbuka kwamba mji huu ulijua zamani kupanga orodha ndefu. Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, mataifa 12 yaliyogawika mafungu mawili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Kila fungu lilikuwa na tamimu, kiongozi wa kulisemea mbele ya watawala. Ukitaka kumjua mtu, maswali mawili yalitosha: u wa Thelatha au wa Tisa? Taifa gani?

Wakoloni walikuja na orodha fupi: Mzungu, Mhindi, Mwarabu, mwenyeji. Ufupi huo uliumiza. Mwaka 1923 iliamuliwa Waarabu wamchague mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Thenashara Taifa wakahesabiwa wenyeji, wakakosa kura. Mwaka 1927 wakaunda chama chao, Afro-Asian Association, kudai haki hiyo. Neno moja katika daftari la serikali lilikuwa limewafungia mlango.

Ndiyo maana nasema orodha ndefu haimchoshi mtu ikiwa imepangwa kama watu wenyewe wanavyojipanga, na fupi humdhulumu ikiwa imemsahau. Anayetengeneza fomu aje kwanza barazani, asikie watu wanajitajaje. Ayatie majina kwenye mafungu, amwezeshe mtu kuandika herufi mbili tatu na jina lake litokee, na mwisho aache mstari mtupu.

Fomu za karatasi zilikuwa na pambizo. Mzee yule, alipokuwa akiinuka kwenda zake, aliniambia kuwa hapo pembeni ndipo marehemu babake alipokuwa akiandika, kwa kalamu yake mwenyewe: Mkilindini.