Do Iko Wapi? Ufunguo wa Wimbo kwa Kiswahili

Kapedo, mpakani mwa Turkana na Baringo nchini Kenya, inajulikana zaidi kwa chemchemi zake za maji moto kuliko kwa muziki wa Ujerumani. Lakini kwaya ya kigango isiyo na kinanda wala umeme, iwe Kapedo au pembezoni mwa Lodwar, ikiamua kuimba korali (wimbo wa kanisa wa sauti nne) ya mtunzi Mjerumani Bach siku ya Ijumaa Kuu, itakumbana na swali lilelile linalowakabili waimbaji wa Leipzig: wimbo uanzie wapi?

Vitabu vya muziki hulijibu swali hilo kwa neno “ufunguo”. Tatizo ni kwamba neno hilo limekwisha kubebeshwa kazi nyingine mbili. Ufunguo ni ile alama iliyojikunja mwanzoni mwa mistari mitano ya noti, ambayo hata kwa Kifaransa inaitwa clef, yaani ufunguo uleule wa mlango. Tena kuna funguo za kinanda, vile vibao vyeupe na vyeusi. Mwanakwaya akiambiwa “angalia ufunguo”, ana haki ya kuuliza upi.

Mwalimu wa kwaya hana shida hiyo, kwa sababu hasemi hivyo. Anapotoa sauti husema “do ni G” au “do ni E flati”, kisha anawapa soprano, alto, teno na besi noti zao. Usemi huo umetokana na solfa, mfumo wa herufi ambamo do ni noti ya kwanza ya ngazi, uliosambazwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na kuenezwa na wamisionari. Ulipendwa kwa sababu nyepesi: hauhitaji mistari mitano, na taipureta ya kawaida inatosha kuuandika.

Uzuri wa usemi huo unaonekana katika korali moja hasa. Hans Leo Hassler alichapisha melodia ya korali hiyo mwaka 1601, tena kwa wimbo wa mapenzi. Mwaka 1656 ikaunganishwa na maneno ya Paul Gerhardt kuhusu kichwa cha Yesu chenye majeraha. Bach akaitumia mara tano katika Mateso ya Kristo kadiri ya Mathayo, kazi iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Leipzig mwaka 1727. Kwa solfa, sauti ya juu huanza kwenye mi, huruka hadi la, na mwishoni hurudi kwenye mi. Mara zote tano. Kinachohama ni do: kwanza iko E, kisha inashuka hadi E flati, halafu D, inapanda F, na baada tu ya Yesu kukata roho inatua C.

Hapo C, hata hivyo, besi hawaipi do heshima yake. Bach anawapitisha kwenye hatua za nusu toni, na akodi ya mwisho inajengwa juu ya mi yenyewe. Soprano wanaimba noti walizozizoea, lakini nyumba chini yao imehamishwa. Aliyesikia korali ya kwanza ikitulia vizuri kwenye do atashtuka, na ndivyo Bach alivyotaka.

Usemi huo wa “do ni” una mtego wake katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kambi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1992, imekusanya Wasudan Kusini, Wakongo, Warundi na wengine wengi. Mtu aliyefundishwa muziki kwa Kifaransa anajua do kuwa jina la noti C, basi, haihami. Mkenya wa solfa akimwambia “do ni F”, ni kama amemwambia Jumatatu ni Alhamisi. Kwa bahati njema, katika ile korali ya tano wote wawili wanakubaliana.

Kwa upande wa tempo, yaani kasi ya wimbo, Kiswahili kimepata jibu safi: mwendo. Neno hilo limetoka kwenye kwenda, kama vile andante ya Waitaliano ilivyotoka kwenye andare, kitenzi chao cha kwenda. Bach hakuandika mwendo wowote juu ya korali hizi. Metronomu ya Maelzel, kifaa cha kupimia mwendo, ilipewa hataza mwaka 1815, miaka 65 baada ya Bach kufariki, kwa hiyo nambari yoyote inayoonekana juu ya karatasi ni ya mhariri. Bach aliacha alama za kituo mwishoni mwa kila mstari, na wataalamu bado wanabishana kama zinataka noti ivutwe au watu wapumue tu. Kwaya zetu huvuta, na siku ya Ijumaa Kuu huvuta hadi wimbo unalala.

Halafu kuna hisia. Mwanafunzi wa Kenya aliyefanya ushairi atataka kusema “toni ya huzuni”, lakini katika muziki toni ni umbali maalumu kati ya noti mbili, kwa hiyo neno hilo liachwe. Wala hisia haikai ndani ya ufunguo. Johann Mattheson, mwaka 1713, aliandika kwamba E meja inafaa kwa huzuni ya kukata tamaa. Leo wapiga kinanda wengi huisikia kuwa ya kung'aa.

Basi wanaonakili noti za kwaya waliache neno ufunguo kwa ile alama ya mistari mitano. Juu ya karatasi waandike “do = C”, chini yake “mwendo: polepole, bila kuvuta”, na hisia waitafute kwenye maneno ya ubeti. Na kama kwaya ina Mkongo, aelezwe kabla ya mazoezi kwamba do ya hapa inahama.