Kanisa la Mkunazini na Bustani Yake: Historia na Masimulizi

Wanafunzi wa Kiswahili hulifahamu jina la Askofu Edward Steere kutokana na kitabu chake cha mafunzo ya lugha, kilichotolewa mwaka 1870. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alikuwa pia mjenzi. Mtaani Mkunazini, mjini Unguja, limesimama kanisa la Kianglikana alilolibuni na kulisimamia mwenyewe. Makala haya yanakusudia kumwongoza msomaji ndani ya kanisa hilo na bustani yake, kisha kuuliza: katika yale anayoonyeshwa mgeni, kipi ni historia na kipi ni masimulizi?

Chanzo cha kanisa hili, kwa sehemu, kiko huku kwetu Kongo. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani waliwafyatulia risasi wauzaji na wanunuzi, wengi wao wanawake. Mamia walikufa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. David Livingstone alishuhudia mauaji hayo, na barua zake zilipofika Uingereza mwaka 1872 ziliwaongezea nguvu wapinzani wa biashara ya utumwa. Mwaka huo huo Sir Bartle Frere alitumwa Unguja kudai mkataba. Sultani Barghash alikataa kwanza. Alikubali tu baada ya kutishiwa manowari. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa likafungwa. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na mmisionari Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindi. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Noeli ya mwaka huo huo.

Jengo ni la zama za Malkia Victoria, lakini limejengwa kwa mawe ya matumbawe ya pwani. Matao yake yamechongoka kama ya makanisa ya Ulaya, na baadhi ya mapambo yanakumbusha ufundi wa Kiarabu. Karibu na mahali pa ubatizo zimo nguzo zilizosimamishwa juu chini; husimuliwa kwamba mafundi walikosea Askofu akiwa safarini. Mbele ya madhabahu, duara la marumaru sakafuni huonyesha mahali panaposemekana kuwa ulikuwapo mti wa kuwachapia watumwa. Upo pia msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Steere mwenyewe, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya madhabahu.

Bustanini hali ni nyingine. Ndani ya shimo zimo sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Hawana majina. Jirani na hapo, wageni huteremshwa katika vyumba vya chini ya ardhi, wakaambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya kuuzwa. Wanahistoria wamelitilia shaka jambo hilo, kwa kuwa jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali, baada ya soko kufungwa.

Je, shaka hiyo inapunguza uzito wa ukumbusho? La hasha. Soko lilikuwapo, mkataba uliolifunga upo, na utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria ya Unguja hadi mwaka 1897. Ushahidi wa kweli unatosha. Kuuongezea usio wa hakika ni kumpa silaha yule anayetaka kukanusha yote. Nasi tujihadhari vivyo hivyo: watu wa Maniema walifikishwa Unguja, lakini wengi wa waliouzwa pale walitoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Tusidai zaidi ya hapo ili kuukuza msiba wetu.

Lipo jambo jingine linalotuhusu, nalo ni lugha. Steere alijifunza Kiswahili kwa wenyeji wa Unguja, na shule ya misheni pale Kiungani ilikuwa na wanafunzi wengi waliokombolewa utumwani. Kiunguja alichokiandika ndicho kilichoteuliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wakati huo huo, misafara ya pembe na watumwa ilikuwa imekwisha kukieneza Kiswahili hadi Nyangwe na Kasongo, na kutoka huko kikazaliwa Kingwana. Kwa hiyo Kiswahili cha vitabu tunachokifundisha na Kiswahili kinachosemwa masokoni Kindu vilipita njia moja, na njia hiyo ilikuwa ya damu.

Mwaka 1870 Steere alichapisha pia hadithi alizozikusanya Unguja, akiziandika kama zilivyosimuliwa. Masimulizi ya Nyangwe na Kasongo kuhusu miaka ile yanastahili uangalifu wa namna hiyo, yakusanywe katika lugha ya wasimulizi wenyewe. Hiyo ni kazi ya idara zetu na ya wanafunzi wetu, kabla wazee wanaoyahifadhi hawajatutoka.