Fedha za Umoja na Uhuru wa Mahakimu

Leo somo letu la historia ni la Ulaya.

Wengi wenu mnakijua chama cha ushirika. Kila mwanachama hutia fungu lake, na fedha hutumiwa kwa faida ya wote. Je, mwanachama mmoja akiwatisha wakaguzi wa hesabu, aendelee kupewa fedha? Nchi 27 za Umoja wa Ulaya zilipambana na swali kama hilo.

Umoja huo hukusanya fedha kwa nchi zote, kisha huzigawa kwa mashamba, barabara na vyuo. Fedha zikiibwa, mahakimu wa nchi ile ndio wawahukumu wezi. Hakimu akiiogopa serikali, nani atazilinda? Serikali za Poland na Hungaria zilishutumiwa kwamba zinawabana mahakimu. Sheria ya zamani ya kuwaadhibu wanachama ilikuwapo, lakini ilitaka wenzao wote wakubali, asikosekane hata mmoja. Basi hizo mbili zikakingiana kifua.

Mwezi Desemba 2020 ikatungwa sheria mpya: nchi ikivunja utawala wa sheria hata ikahatarisha fedha za Umoja, izuiliwe fedha. Hapa hawatakiwi wote. Watosha wingi wa kura, yaani nchi 15 zenye asilimia 65 ya watu. Poland na Hungaria zilikwenda mahakamani kuipinga, zikashindwa tarehe 16 Februari 2022. Desemba mwaka ule Hungaria ilizuiliwa yuro bilioni 6.3, kwa sababu ya hatari ya rushwa katika zabuni. (Bilioni moja ni milioni elfu, iandikeni daftarini, mhesabu sifuri zake.)

Sheria yasema serikali iliyozuiliwa bado yapaswa kuwalipa wakulima na wengine wanaostahili. Hata hivyo, vyuo vikuu vingi vya Hungaria vilivyowekwa chini ya bodi za wadhamini vilifungiwa fedha mpya, na wanafunzi wao wakakosa nafasi za kwenda kusoma nchi nyingine. Wao hawakumtisha hakimu yeyote.

Desemba 2023 Hungaria ilifunguliwa fedha nyingine, yuro bilioni 10.2, baada ya kuwaongezea mahakimu uhuru. Lakini kesho yake wakuu walikuwa wakutane juu ya Ukraine, na Hungaria ilikuwa imetisha kupinga. Bunge la Ulaya halikuridhika. Mwaka 2024 likaishtaki Halmashauri iliyozifungua.

Jadilianeni na mwalimu wenu: fedha zile zilifunguliwa kwa ajili ya mahakimu, au kwa ajili ya kura?