Mwenda Jean-Bosco, na Shule Yake ya Barabarani

Mwaka jana mwanafunzi mumoja alikuja kuniona kisha masomo. Akauliza: « Mwalimu, masomo ya gitare iko wapi huku Likasi? Minataka kuwa artiste, lakini sina na wa kunifundisha. » Nikamujibu kwa ulizo: Mwenda alifundishwa na nani? Akaniangalia tu. Mtoto wa Kikula, na jina la Mwenda wa Bayeke hakulijua! Njo sababu ninaandika kurasa hizi.

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa mfalme Msiri. Lakini jina lake lilitokea hapa kwetu, wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville. Katika miji yetu ya madini walikutana watu wa Kasai, wa Rwanda, wa Rhodesia ya Kaskazini, Wabemba, Waluba, Wasanga, Wayeke. Kila mutu alikuja na nyimbo za kwao, na gitare iliweza kuzibeba zote. Jioni, kisha kazi, mupigaji anakaa mbele ya nyumba, wakubwa wanasikiliza, watoto wanaangalia vidole. Shule ilikuwa paka ile.

Mwenda alipiga kwa vidole viwili. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha pili kinajibu kwenye nyuzi nyembamba. Mimi ninasikia ndani yake mukono wa likembe; wataalamu wabishane.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini na kuzunguka na mashine ya kurekodi, alimukuta Jadotville na kushika nyimbo zake. Mumoja ulikuwa « Masanga ». Diski zikaenda mbali kuliko mwenyewe. Kisha akafika Nairobi, akasikika kwenye redio, na vijana wa Kenya wakaanza kutafuta sauti ile kwenye gitare zao. Edouard Masengo, ndugu yake wa ukoo, naye alikwenda huko na gitare yake. Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Kisha Mwingereza John Low alisafiri mpaka Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda, kwa Masengo na kwa Losta Abelo, na mwaka 1982 akatoa kitabu juu ya safari hiyo. Tufikiri kidogo: mutu anatoka Ulaya kutafuta kitu ambacho mutoto wa Kikula hajasikia hata jina lake.

Kulikuwa na mawazo mengine juu ya namna mutu anavyokuwa msanii. Mwaka 1946, kule Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya, eti sanaa itoke ndani yao wenyewe. Pale walitokea Pilipili Mulongoy na Bela, na kazi zao ni nzuri, sikatai. Lakini Mwenda hakuna aliyemuchagulia cha kusikia. Alisikia ya kijiji, ya kambi, ya misioni, ya diski za wageni, akachanganya. Kwangu mimi njia hii inafanana zaidi na muji wetu, ambao nao ni muchanganyiko.

Mwenda alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya barabara nchini Zambia. Wazee waliomusikia kwa masikio yao wanapungua kila mwaka, na wengi wao hakuna mutu anayewauliza kitu.

Yule mwanafunzi nilimukalisha, nikamusikilizisha « Masanga » kwenye telefone yangu. Alisikiliza mara tatu bila kusema neno. Mwishowe akasema: « Mwalimu, hawa ni batu babili. » Nikamwambia: « Mumoja. » Akakataa. Juma lililofuata alikuja na gitare ya kuazima, nyuzi nne tu, akaniomba telefone tena.