Tunanunua Difu Kama Wageni wa Matope

Wiki hii hakuna video. Pikapu iko juu ya mawe nyuma ya nyumba, ekseli ya nyuma imefunguliwa, na mimi ndiye nimepewa kazi ya kutafuta difu nyingine kwa sababu, kama baba mdogo anavyosema, "wewe ndio uko na data." Sawa, nimetafuta. Lakini nilianza kwa kutafuta bei nikaishia kusoma historia, na sasa naamini kwamba hapa Merigi tumekuwa tukinunua difu vibaya tangu enzi za agui. Wacha nijitetee.

Kwanza, ilivunjikaje. Ni asubuhi ya mvua, mikebe ya maziwa iko nyuma, tunapanda ule mlima wa udongo mwekundu ambao kila mtu wa huku anaujua hata nisipoutaja. Gurudumu la kushoto likaingia mtaroni likaanza kuzunguka hewani. La kulia lilikuwa mahali pazuri kabisa, pakavu, na lilikaa tu pale kama mgeni anayengoja chai. Baba mdogo akaongeza mafuta. La kushoto likazunguka kwa kasi, likagonga jiwe, likashika ghafla. Tukasikia "kaap!" Gia ndogo za ndani ya difu zikapasuka meno. Yale maziwa hayakufika kwenye kipozeo kwa wakati. Tulipewa majibu ya kawaida: yameganda, rudi nayo. Hiyo ilikuwa karo ya mtu.

Sasa watu wakasema difu ilikuwa mbovu. Hapana. Ilifanya kazi yake vile ilivyoundwa. Shida ni kwamba haikuundwa na mtu wa Merigi.

Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Ukiyafunga yote mawili kwenye chuma kimoja, moja litaburutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1820, Mfaransa anayeitwa Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, alibuni mpangilio wa gia wa kuruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti huku yote yakisukumwa. Aliufanya kwa ajili ya gari la mvuke. Mpaka leo, difu ya kawaida iliyo chini ya pikapu yako ni wazo hilohilo.

Wazo zuri, lakini lina siri. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa pande zote mbili, na hapo ndipo matope yanapotumaliza. Ni kama watu wawili wanaobeba gunia kwa mti mabegani. Mmoja akilegea, yule mwenye nguvu hawezi kubeba peke yake hata akitaka, gunia litashuka tu. Gurudumu lililo hewani halihitaji nguvu yoyote kuzunguka, kwa hivyo hata lile lililo pakavu hupata karibu sufuri. Si ati nguvu "inaenda upande mmoja" vile mafundi wengi hutuambia. Kile chenye kasi ni upande mmoja, nguvu haiko popote.

Wazungu wenyewe waliligundua hili mapema. Miaka ya 1930, Ferdinand Porsche akiunda magari ya mashindano ya Auto Union, nguvu ya injini ilikuwa ikimaliza tairi moja tu, na kampuni ya ZF ya Ujerumani ikatengeneza difu ya kupunguza mtelezo, ile tunayoita LSD. Basi ilianza kama dawa ya magari ya mbio. Nani alifikiria mkulima?

Mkulima alifikiriwa kwa njia nyingine, na hii ndiyo sehemu ya hadithi ninayoipenda.

Mnajua chai ya huku ilianza na mashamba makubwa. Brooke Bond na James Finlay waliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920. Sisi hatukuruhusiwa kuilima kibiashara, mpaka mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipoanza kufungua mlango kidogo. Ikaja mamlaka ya mazao maalum mwaka 1960, kisha KTDA Januari 1964. Chai ilipotoka kwenye mashamba ya kampuni, ambayo yalikuwa na barabara zao zinazotunzwa, ikaja kwenye miteremko yetu, tatizo jipya likazaliwa. Jani la chai halingoji. Ukishachuma majani mawili na kichipukizi, lazima yafike kiwandani siku hiyo, la sivyo yanapata joto ndani ya gunia na kuharibika. Kwa mkulima mdogo, barabara ni sehemu ya kiwanda. Na barabara yenyewe ni udongo mwekundu, kwenye nchi ambayo upande wa Kericho hupata milimita 1,800 za mvua na zaidi kwa mwaka.

Mwaka huohuo wa 1964 ndio trekta ya Massey Ferguson 135 ilitoka. Nani hapa hajaiona? Mpaka leo ziko, nyekundu iliyofifia, zikivuta trela. Kuna kile kipedali kidogo upande wa mguu wa kulia ambacho watoto hukanyaga wakicheza na kugombezwa. Kile ni loki ya difu. Ukikikanyaga, magurudumu mawili makubwa yanakuwa kitu kimoja, trekta inatoka shimoni, unaachilia, maisha yanaendelea. Kwa hivyo wazee wetu walikuwa na loki ya difu kabla hata hawajawa na pikapu! Haikuwa anasa wala kitu cha watalii wa Maasai Mara. Ilikuwa pedali, kama breki.

Halafu pikapu zikaja, na loki ikapotea.

Agui alinunua Peugeot 504 pikapu. Mtu wa umri wangu anaijua kwa picha na kwa sauti ya wazee wakiisifu. Ilikuwa inaunganishwa hapahapa Kenya, ilibeba zaidi ya tani moja, ilifanywa matatu, ilibeba miraa, ilibeba harusi na maiti. Lakini ilikuwa inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na difu ya kawaida. Basi walivukaje matope? Kwa miili ya watu. Baba anasimulia kwamba kazi yake akiwa na miaka kumi ilikuwa kukaa juu ya tairi lililokuwa likiteleza. Kulikuwa na mawe mawili yaliyoishi kwenye hilo gari mvua zote, pamoja na minyororo ya kufunga kwenye matairi. Kulikuwa na mbinu ya kuvuta breki ya mkono kidogo ili gurudumu linalozunguka bure lipate upinzani na lile lingine lipate nguvu. Mbinu hiyo ni sayansi kamili, na agui hakuisoma popote.

Na Peugeot ilistahili hiyo sifa. Safari Rally ilianza 1953, na ilikuwa ikikimbizwa wakati wa Pasaka, katikati ya mvua ndefu, makusudi. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza. Mwaka 1968 tena saba tu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Halafu kuna mtu wetu: Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Alishinda 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokuwa imeshakimbizwa na mtu mwingine kabla yake, kisha akashinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Haya yote ni magari yanayosukumwa nyuma tu. Nadhani ndiyo sababu wazee wetu walijenga imani kwamba matope hushindwa na dereva. Ukikwama, wewe ndio hujui kuendesha. Nimesikia hiyo sentensi mara nyingi kuliko salamu.

Lakini Joginder alikuwa na timu. Agui alikuwa na watoto wa kukalia tairi. Mimi nina mikebe ya maziwa, na watoto wako shule.

Isuzu zikafuata. General Motors walianza kuunganisha magari Nairobi mwaka 1977, kampuni ambayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa, na zile TFR zikajaa kila soko. Hilux nazo. Hapo ndipo foowili ilipofika kwa mtu wa kawaida, na hapo ndipo tukadanganyika. Tuliona gari linasukuma mbele na nyuma tukadhani mambo yameisha. Foowili yenye difu mbili za kawaida ni gari la magurudumu mawili: moja mbele likiteleza, moja nyuma likiteleza, na mengine mawili yakitazama. Ile yetu ni foowili. Ilikwama vilevile.

Wakati huo, wengine walikuwa wamerudi kwa wazo la trekta. Australia, fundi anayeitwa Tony Roberts alibuni loki inayofungwa kwa hewa, na mwaka 1987 kampuni ya ARB ya Melbourne ikachukua haki zake. Toyota nao wakaanza kuweka loki ya umeme nyuma kwenye baadhi ya Prado na Surf za miaka ya 90. Swichi kwenye dashibodi badala ya pedali. Wazo ni lilelile la ile Massey.

Haya, sasa uamuzi. Nilienda Nairobi mpaka Grogon. Ile barabara leo inaitwa Kirinyaga Road, lakini zamani ilikuwa Grogan Road, jina la Ewart Grogan, mlowezi aliyepata umaarufu kwa kutembea kutoka Cape mpaka Cairo. Mtu aliyetembea kwa miguu amewaachia jina lake watu wa spea za magari, hiyo hunichekesha kila mara. Pale utapata kila difu iliyotoka Japani na Dubai, na utapata kila jibu unalotaka kusikia.

Fundi wa kwanza, mzee mmoja mpole, aliniambia, "Kijana, wacha nikuchomelee hizo gia ndogo, zishikane milele. Bei ya vocha." Nikamwambia, "Mzee, huku kwetu ni milima." Akacheka tu. Difu ya kuchomelea itakutoa kwenye tope, kweli. Lakini kwenye lami italia kila kona, itakula tairi na siku moja itavunja haf shafti. Na kuna jambo baya zaidi ambalo halisemwi: kwenye barabara iliyolalia upande mmoja, magurudumu yote mawili ya nyuma yakiteleza kwa pamoja, mkia wa gari unashuka upande wa mtaro. Difu ya kawaida ingekuacha umekwama, lakini umesimama. Kwenye zile kona zetu zenye korongo, napendelea kukwama. Ndio maana loki lazima iwe ya kuwasha na kuzima.

LSD iliyotumika? Plati zake za ndani huisha, na huwezi kuziona bila kuifungua. Tena gurudumu likiwa hewani kabisa, LSD iliyochoka ni difu ya kawaida yenye bei ya juu.

Ile ya umeme ya Surf nusura niilipie. Kitu kilichoniokoa ni kuhesabu. Kwenye kraunwili na pinioni yetu meno ni 41 kwa 10, yaani 4.1. Ile niliyoonyeshwa ilikuwa 43 kwa 10. Muuzaji akasema tofauti ni ndogo. Kwenye foowili hakuna tofauti ndogo: nyuma ikiwa 4.3 na mbele 4.1, ukiweka foowili ekseli mbili zinapigana mpaka kitu kivunjike. Na hata ningepata 4.1, difu ile ya Toyota yenye loki haingii kwenye nyumba ya ekseli ya kawaida bila kukata na kubadilisha mahali pa bolti. Ukisema ununue ekseli nzima, ya Surf inakalia springi za koili, yetu springi za majani. Inabidi kuchomelea vishikio upya. Ukisikia mtu anakwambia "inaingia tu", muulize inaingia kwa gari gani.

Ya hewa inaingia kwenye nyumba yetu ileile, na inatumia kraunwili yetu ileile. Unahitaji kompresa ndogo, paipu ya hewa isiyoguswa na mawe, na fundi anayejua kupima nafasi kati ya meno: kwa hii difu ya inchi 8 ni milimita 0.13 mpaka 0.18, si kwa kidole, kwa kipimo cha saa. Lakini bei yake mpya ni ng'ombe mzuri wa maziwa, aliye na mimba.

Tulikaa chini ya mti jana jioni, baba mdogo, baba na mimi. Baba mdogo anataka difu ya kawaida ya 4.1, iko, ni rahisi, tuanze kazi Jumatatu. Nikamwomba ahesabu siku tulizorudi na maziwa tangu mvua ya Machi ianze. Alihesabu kwa vidole, akanyamaza, akahesabu tena. Baba hakusema kitu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama hiyo loki ya hewa ina pedali. Nikamwambia hapana, ni swichi. Akasema swichi inaweza kuingia maji, niangalie iwekwe juu.

Tumeuza fahali, na ng'ombe amebaki. Kompresa itafika Alhamisi. Nikipata fundi mwenye kile kipimo cha saa upande huu wa Bomet nitawaambia kwenye komenti, na kama unamjua, niandikie kabla sijaenda tena Grogon.